Ngoma Iliyomrudishia Mama Yako Maneno

Mwanangu Otilia,

Habari za sanduku, shuka na sweta mama yako mdogo Rustika amekwisha kukueleza, na ukisahau atakukumbusha kesho hata lori likiwa linaondoka. Mimi sina la kuongeza hapo. Umekwenda ufukoni kumuaga bibi yako, Kasian amekufuata, nyumba imetulia na jua bado liko juu ya ziwa. Nimeketi kwenye meza ya zahanati nikuandikie yale ambayo mdomoni mwangu hayatoki. Sisi watu wa milimani hatusemi sana mbele ya watoto wetu. Aliyesoma huandika.

Jana ulikaa muda mrefu na baba yako mdogo Gervas kwenye banda lake la useremala. Alikuwa anakufundisha lile pigo la kutembelea, wewe unalikosea, mnacheka. Nilipita njia ile, nikarudi, nikapita tena, nikijifanya natafuta mbuzi. Hatuna mbuzi, Otilia. Nadhani uliniona.

Nina wivu, mwanangu. Ninao tangu ulipokuwa mtoto wa miaka tisa, na haujapungua kama nilivyodhani utapungua. Nimeona afadhali ujue wivu huo ulikotoka kabla hujaenda kusomea uuguzi, kwa sababu umeniambia kwamba huko Dar es Salaam utawauliza walimu wako imekuwaje wimbo ukamtibu mama yako. Walimu watakueleza mambo ya ubongo. Mimi nikueleze mambo ya nyumbani, maana mengine uliyaona kwa macho ya mtoto, na mengine tulikuficha.

Tulikuwa bado kule milimani, upande wa Litembo. Mimi nilikuwa dresa hospitalini, kazi yangu kuosha vidonda na kugawa dawa. Mama yako alipojifungua Kasian, damu ilipanda, akashikwa na kifafa cha uzazi, na mshipa ukapasuka kichwani. Daktari wetu alikuwa mama mmoja wa Kizungu ambaye sote tulimwita Daktari Mama. Hakulala, wala hakutuacha sisi tulale. Akawaokoa wote wawili.

Lakini mama yako alipoamka, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea, na maneno yalikuwa yamekwenda. Kuelewa alielewa kila kitu. Ukimwambia mtoto analia, aligeuka. Ukimwambia jambo la kuchekesha, alicheka. Alipotaka kujibu, kilichotoka kilikuwa kitu kimoja tu, "le, le, le," na alipojisikia mwenyewe alifumba mdomo na kugeukia ukutani.

Unajua mimi na mama yako hatukuwa na lugha moja ya kuzaliwa. Yangu ni Kimatengo, yake Kinyasa. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, tukakupa jina kwa Kiswahili. Kiswahili kilipomtoka, mimi niliachwa nje ya mlango. Usiku nilikaa kando ya kitanda nikisema peke yangu mpaka nikaona haya.

Mvua za mwaka ule ziliisha yeye akiwa bubu. Ndipo Rustika alipopanda kutoka ziwani na wanawake wenzake wawili, kikapu cha usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, kichwani, kuja kumjulia hali dada yake. Siku ya pili walikaa uani wakitwanga mahindi. Mama yako alikuwa kwenye kiti, Kasian mapajani, nawe ulikuwa unapepeta. Mimi nilikuwa natoka kazini. Wanawake wale walianza kuimba kama watu wanavyoimba wakiwa na mchi mkononi, bila kukusudia, wimbo wa kioda, ile ngoma ya wanawake wa mwambao. Na kabla sijafika kwenye uzio nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi.

Mama yako alikuwa anaimba. Hakuwa anavumisha puani, alikuwa anaimba maneno, moja baada ya jingine, yaliyonyooka kabisa, Kinyasa safi. Wenzake waliposhtuka na kunyamaza yeye aliendelea peke yake mpaka mwisho wa ubeti. Kisha akatutazama, akafungua kinywa kusema, na ikatoka, "le, le." Ungo ulikuponyoka, nawe ukapiga kelele, "Baba! Mama anasema!"

Nilipiga magoti mbele yake. Baadaye, nilipopata akili, nikakuita kando, kwa sababu wewe Kinyasa ulikisikia vizuri kwa bibi yako. Nikakuuliza, "Mama ameimba nini?"

Ukatazama vidole vya miguu yako. "Ni wimbo tu, Baba."

"Wimbo unasema nini?"

"Unasema habari za mtu fulani."

Rustika, aliyekuwa nyuma yako, akacheka mpaka akashika ukuta. Hakunieleza, nami sikuuliza tena.

Kesho yake nilimweleza Daktari Mama. Hakushangaa kama nilivyotaka ashangae. Alichukua kipande cha chaki, akachora kichwa cha mtu juu ya meza ya dawa. Akaniambia kwamba kwa watu wengi uwezo wa kutunga maneno uko upande wa kushoto wa ubongo, na huko ndiko damu ilikovujia. Upande huohuo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, ndiyo maana vililegea pamoja. Lakini wimbo, akasema, haukai mahali pamoja. Sauti inayopanda na kushuka, mapigo, kumbukumbu ya mwili uliocheza, vimetawanyika pande zote mbili. Barabara moja imekatika, nyingine bado inapitika. Madaktari wa kwao walikwisha kuona zamani watu waliopoteza kusema lakini wakaweza kuimba nyimbo za utoto wao. "Kwa nini hasa," akasema, "hatujui yote. Lakini tunaweza kujaribu kupitisha maneno mengine katika barabara hiyo."

Nikauliza, "Wimbo wowote?"

"Wimbo ulioingia akiwa kijana. Alioucheza sana."

Nilitaka uwe wimbo wangu. Nikuambie ukweli, nilitaka sana. Nilianza na nyimbo za kanisani, nikamwimbia kila jioni. Sauti yangu unaijua, na hata padre anaijua. Mama yako alisikiliza kwa heshima, wakati mwingine alivumisha kidogo, lakini neno halikutoka, kwa kuwa nyimbo zile alizikuta ukubwani na hakuwahi kuzitingishia bega. Nikaazima redio ya mwalimu mkuu. Hamna. Nikamwomba Rustika aimbe, akaimba, maneno yakaja, lakini bila ngoma mama yako alichoka upesi, na mguu wake haukujali. Rustika ndiye aliyelisema lile jina nililokuwa nalikwepa.

"Shemeji, mwenye nyimbo hizi yuko. Mwite Gervas."

Mimi nilimjua Gervas kabla hajanijua. Nusu ya nyimbo za kioda cha kijiji cha mama yako alizitunga yeye, na ngoma kubwa aliipiga yeye, kwa sababu wachezaji wa kioda ni wanawake lakini wapigaji ni wanaume. Posa yake ilifika kwa babu yako kabla ya yangu. Babu yako akasema, "Ngoma haiezeki nyumba," akamchagua dresa wa hospitali. Yeye babu nilimsikia akichagua. Mama yako sikumsikia. Aliinama tu, kama wasichana walivyoinama siku zile, nami kwa furaha sikuuliza. Na Gervas alikuwa bado hajaoa, na watu wa ziwani walikuwa na maelezo yao kuhusu hilo.

Nilishuka kwa miguu mpaka ziwani, nikifikiri njia nzima namna ya kumkosa. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake Mbamba Bay, ameelekeza ngozi ya ngoma kwenye moto ili ikaze. Aliponiona alisimama.

"Mwenye blanketi!" akasema. "Karibu."

"Blanketi gani?"

Akaona aibu. "Aa. Hujaambiwa." Akageuza ngoma. "Ulipokuja kuoa ilikuwa kiangazi, sisi tunatoka jasho, nawe umejifunga blanketi la kwenu mlimani. Nikatunga wimbo. Si matusi. Bwana harusi anaona baridi ziwani, anacheza na blanketi, blanketi linacheza yeye amesimama."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Mke wangu alikuwa amekaa bubu miezi kadhaa, na maneno ya kwanza yaliyorudi kinywani mwake yalikuwa ya kunicheka mimi, yametungwa na huyu.

Nikamweleza shida. Sikumtazama usoni wakati namweleza. Akaisahau ngozi mpaka ikaanza kunuka kuungua, akaiondoa.

"Wewe mwenyewe unataka nije?" akauliza.

"Daktari anataka."

"Sikukuuliza daktari."

Nikasema, "Sitaki. Lakini njoo."

"Hilo naliamini," akasema, akaingia ndani kuchukua kamba ya kufungia ngoma.

Alifikia kwa jirani yetu, mwalimu mkuu, maana kwangu sikumkaribisha alale. Kila asubuhi na kila alasiri alikuja uani. Na hapo, Otilia, nikaona kwa macho yangu mambo ambayo wewe utayasoma vitabuni.

Kwanza mguu. Mama yako alikuwa anatembea kwa kuburuza, hatua moja ndefu, moja fupi, kama mtu anayebeba ndoo. Gervas alipiga pigo la kuingilia uwanjani, taratibu, na mguu ule wa kulia ukaanza kungoja pigo na kushuka nalo. Akizidisha mwendo kidogo, mguu ulizidisha. Akinyamaza, uliburuza tena. Daktari Mama alikuja kuona, akasema sikio na mguu vina njia yao ya mkato. Pigo linauambia mguu wakati wa kuondoka kabla mtu hajaamua. Unakumbuka ulivyokuwa ukitembea nyuma yake, umeshika pindo la kanga yake? Mimi nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimemshika mkono mwanamke yule wiki nyingi nikimwambia, "Mguu, mama, inua mguu," na haukuniitikia.

Kisha moyo. Daktari aliniagiza nimpime mapigo kabla ya ngoma na baada, kwa saa ya hospitali, kwa sababu ya ile damu iliyopanda. Nilimshika kifundo cha mkono. Kabla ya kuanza moyo wake ulikuwa unakimbia, wa mtu mwenye hofu ya kushindwa. Walipoimba nyimbo za polepole, pumzi yake ilirefuka, nikasikia chini ya vidole vyangu moyo unatulia, unatulia. Niliona vinyweleo vya mkono wake vimesimama, na hapakuwa na baridi. Halafu sijui nini kilinituma, nikajipima mwenyewe. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa mtu aliyepandisha mlima na gunia la kahawa. Ngoma ileile, uani palepale. Kwa hiyo usidhani muziki ni dawa inayofanya kazi moja kwa kila anayeinywa. Inategemea ni nani aliyekaa mbele yake.

Lile lililonitoa jasho zaidi ni mkono. Nyimbo zilikuja, lakini tulitaka maneno ya kila siku. Wazo hilo lilikuwa langu, na sitakubali lichukuliwe: nilimwambia Gervas atoe maneno ya blanketi, aache sauti ileile, aweke ya nyumbani, tena kwa Kiswahili. "Nataka maji." "Mtoto analia." "Otilia njoo." Gervas akasema Kiswahili hakikai vizuri kwenye kioda, silabi zinazidi. Tukagombana, tukapunguza hapa, tukavuta pale. Daktari Mama akashauri kila silabi igongwe, ili mwili uibebe. Basi Gervas akaketi mbele ya mama yako, akachukua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaugonga kwa vidole vyake: na-ta-ka ma-ji.

Nikasema, "Nitagonga mimi."

Akanipisha. Nikauchukua mkono wa mke wangu, nikagonga. Nilikuwa nyuma ya wimbo, halafu mbele ya wimbo, halafu sikuwa popote. Mama yako alijitahidi kunifuata, akapotea, akafika kwenye "le, le" na machozi yakamjaa. Nikaurudisha mkono wake kwa Gervas. Niliuweka mwenyewe ndani ya mkono wake, Otilia, kama mtu anayemkabidhi mwenziwe kuku. Nikatoka nikaenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Na yeye alimwita Kandida. Mimi tangu ulipozaliwa nilimwita Mama Otilia, kwa heshima, kama ipasavyo. Nikiwa kule kwenye kuni nilisikia, "Vizuri, Kandida. Tena, Kandida." Jina ambalo niliacha kulitumia mwenyewe liliniuma kana kwamba nimeibiwa.

Maneno yalikuja. "Maji" likaja kwa wimbo, kisha kwa wimbo mfupi, kisha kwa kugonga tu. Lakini alikuwa bado hajasema neno lolote kwa kunena, bila sauti ya kuimba na bila kugongwa, yaani neno lake mwenyewe alilolitaka yeye. Nilikuwa naliomba hilo kila siku, na ndani ya maombi yangu, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba pia liwe jina langu.

Alasiri moja nilitoroka kazini mapema. Sikuingia uani. Nilikaa nyuma ya mgomba, ule uliokuwa karibu na jiko, nikawachungulia. Hawakuwa wanafanya lolote. Gervas alikuwa anakaza kamba za ngoma, mama yako anamnyonyesha Kasian. Nilichungulia kwa muda mrefu mtu anakaza kamba. Ghafla mama yako akainua uso, akanitazama moja kwa moja katikati ya majani. Akatabasamu upande ule mmoja. Na akasema, waziwazi, bila wimbo:

"Wivu."

Gervas akaacha kamba. Akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Amelisema bila ngoma."

Mama yako akarudia, safari hii akicheka mpaka mtoto akaachia ziwa: "Wivu! Wivu!" Nami nikatoka kwenye mgomba, nikaketi chini vumbini mbele yake nikicheka na kulia. Neno la kwanza alilojichagulia lilikuwa la Kiswahili, lugha ya nyumba yetu, na lilikuwa langu. Si jina langu. Lakini ukilitazama vizuri, hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kuambiwa neno hilo.

Wengine wakiisimulia hadithi hii huishia hapo, na Rustika ndiye hodari wa kuisimulia. Ungedhani wivu ulitoka na lile neno. Haukutoka. Gervas alirudi ziwani, na bila ngoma mama yako alianza tena kurudi nyuma, siku kwa siku. Daktari Mama akaniambia barabara mpya isipopitiwa huota majani. Wakati huohuo Serikali ilikuwa inaanzisha vijiji vya ujamaa huku chini, na vilihitaji watu wa zahanati. Nikaulizwa napendelea wapi. Milimani nilikuwa na kahawa ya baba yangu, na ngolo, yale mashimo ya kulimia ya kwetu, nilizochimba mwenyewe, na ndugu zangu. Nikaandika jina la kijiji hiki, ambacho Gervas alikuwa seremala wake. Ndugu zangu waliniuliza kama nimerogwa.

Ndiyo sababu ulikulia ziwani. Umenisikia nikisema ni kwa ajili ya kuitikia wito wa Taifa. Wito niliuitikia, sikatai. Ila kama mama yako angeweza kusema bila ngoma ya mtu yule, Taifa lingenikuta Litembo.

Unakumbuka siku za kwanza za shamba la ujamaa la mihogo? Mwenyekiti wa kijiji aliweka ngoma pembeni ya shamba, na watu wakalima kwa mstari, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Hiyo nayo niliichunguza, maana jicho la kazi halilali. Waliolima kwa ngoma walichelewa kuchoka, na waliogombana asubuhi walikuwa wanataniana adhuhuri. Kupumua pamoja na kuinama pamoja kunawafanya watu wajione ukoo mmoja. Mama yako alilima kwa mkono mmoja na nusu, akiimba, na alikwenda sawa na wanawake wenzake. Jembe langu mimi liligongana na la jirani mpaka mwenyekiti akasema, "Mganga, wewe rudi zahanati, utatuletea wagonjwa." Watu walicheka. Gervas hakucheka. Hilo nalo liliniudhi.

Hata alipomwoa Rustika, akawa shemeji yangu, akawa baba yenu mdogo, wivu haukwenda popote. Ulihama kiti tu. Nilihama nao kutoka kwa mama yako, nikaanza kumwonea Gervas wivu kwa ajili yenu. Kasian alipotembea alitembea kwa ngoma yake. Wewe ulipofaulu mtihani ulikimbilia kwanza bandani kwake, halafu zahanati. Nilikupongeza na kukuuliza matokeo kana kwamba sijayasikia tayari kutoka ng'ambo ya njia.

Sasa nikueleze kosa langu, lile ambalo ngoma haikulirekebisha. Mwaka jana, mama yako akiwa amefikia hapa alipo, kwamba anaweza kusema sentensi nzima ukimpa muda, tulikuwa tumekaa barazani baada ya chakula, wawili tu. Nikamuuliza lile nililopaswa kumuuliza siku ya posa. Nikasema, "Kandida, baba yako angekuacha uchague mwenyewe, ungemchagua nani?"

Alinitazama. Akaanza kugonga paja lake kwa kidole, kama afanyavyo anapotafuta. "Mimi," akasema. "Mimi nili... nilikuwa..." Akasimama. Kidole kiligonga. Neno lilikuwa njiani, nililiona linakuja usoni pake. Nami nikashikwa na hofu, nikamtangulia. Nikasema, "Ulikuwa unamtaka Gervas. Sema tu."

Otilia, mtu ambaye amepoteza maneno ukimmalizia sentensi yake, unaifunga ile njia aliyokuwa ameifungua kwa mikono. Mimi ndiye niliyefundishwa hivyo na Daktari Mama, nami nimewafundisha wake na waume wa wagonjwa wote waliopita hapa. Mama yako alijaribu kurudi mwanzo. "Mimi nili..." Halikuja tena. Akakasirika, akapiga kiti kwa kiganja, akaingia ndani. Hajalianza tena tangu siku hiyo, nami sina ujasiri wa kuuliza mara ya pili. Jibu lake liko ndani yake, limekamilika, na mimi ndiye niliyelizuia mlangoni.

Huko uendako utawaona wagonjwa wa namna yake. Utakuwa na haraka, kwa kuwa wauguzi wote wana haraka, nawe una moyo wa huruma, na mwenye huruma ndiye anayemalizia watu maneno kuliko wote. Mtu akinyamaza mbele yako, ngoja. Utaona uchungu wa kungoja ulivyo mrefu. Mimi nilimngojea mama yako miaka, halafu nikashindwa kungoja pumzi moja.

Na wivu ukikupata, maana u mwanangu na huenda umeurithi pamoja na masikio haya mabovu, usihangaike kuusubiri uishe ndipo utende jambo jema. Wangu ungenichelewesha mpaka leo. Nilikwenda kumwita Gervas ninao. Nilihamia ziwani ninao. Ninakaa naye kanisani benchi moja, ninao.

Kesho asubuhi lori la ushirika litapanda Mbinga, nawe utakuwa juu yake. Dereva atapiga honi. Rustika atasema panda, mwanangu, panda. Gervas atakupa mkono, mpokee vizuri, na kama mtacheka, chekeni. Kisha mama yako atakushika bega na kuanza kusema, na neno la kwanza litachelewa. Usimsaidie. Usitikise kichwa kabla hajafika. Mwache dereva apige honi hadi achoke.

Mimi nitakuwa upande wa pili wa lori, nikijifanya nakaza kamba za mizigo, na nitakuwa na wivu. Kwa sababu hicho anachotaka kukuambia amekuwa akikifanyia mazoezi tangu juzi, jikoni, peke yake, akigonga ukingo wa sufuria kwa kidole. Na kila nikiingia, ananyamaza.

Ni mimi baba yako,
Ditram